Hilux inayogonga nyuma: kisa cha kunyanyua gari kwa bajeti ya milioni 3

Gari ni Toyota Hilux dabo kabini ya 2009, dizeli ya 3.0 D-4D, matairi 255/70R15, bampa la kiwandani, haina winchi. Kazi yake ni kupeleka dawa na chumvi ya mifugo minadani, kutoka Arusha kupitia Mto wa Mbu hadi Selela na Engaruka, na mara mojamoja hadi Engare Sero. Inakwenda na mzigo wa kilo 350 hivi, inarudi tupu. Mwenyewe analalamikia jambo moja: kila korongo, gari linagonga. Dukani ameshaonyeshwa seti ya kunyanyulia ya "inchi 4", bei yake inaingia kwenye milioni 3 alizonazo na chenji inabaki. Anataka kujua kama anunue.

Asinunue. Ila kabla ya kuieleza seti hiyo, inabidi ijulikane kwanza ni kitu gani kinachogonga, maana neno "linagonga" mafundi hulisikia kila siku na nyuma yake huwa kuna magonjwa matatu au manne tofauti. Kuna gari lililo chini kweli. Kuna gari ambalo springi zimechoka. Kuna ambalo kuna kitu kimening'inia chini yake. Na kuna dereva anayeingia korongo kwa kasi ya barabara kuu. Huyo hana seti ya kumtibu.

Mikwaruzo inasomeka

Gari lilipandishwa kwenye shimo la gereji na kukaguliwa kwa tochi kabla ya kuoshwa. Hilo la kutooshwa ni la makusudi. Mkwaruzo mpya unang'aa kama sarafu, wa zamani umeshika kutu, na tope lililofutika sehemu moja tu linaonyesha jiwe lilipita wapi safari iliyopita. Ukiosha, umefuta ushahidi wote huo.

Mbele kulikuwa kusafi. Bati la kukinga injini lilikuwa na mistari miwili ya kutu, basi. Chini ya milango, hakuna kitu. Nyuma ndiko kulikokuwa na habari: ndoano ya kuvutia trela ilikuwa imesagika upande wa chini hadi chuma kinang'aa, na tairi la spea lililoning'inizwa chini ya keria lilikuwa limechanika ubavuni. Kwenye kasha la difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, kulikuwa na mkwaruzo mmoja mdogo, wa zamani.

Halafu kuna raba za kugongea, zile zilizofungwa kwenye chesi juu ya ekseli ya nyuma ili ekseli isipige chuma kwa chuma. Raba ya kulia ilikuwa imelainika na kung'aa kama kisigino cha kiatu kilichovaliwa sana. Ili kuhakikisha, zilipakwa grisi nene, gari likapakiwa kilo 350 na kupelekwa kilomita 20 za barabara ya vumbi kwa mwendo wa kawaida. Liliporudi, grisi ilikuwa imehamia kwenye ekseli pande zote mbili. Maana yake nyuma ilikuwa inafika mwisho wa safari yake na kugonga raba karibu kwenye kila shimo kubwa, na gari likikaa chini kiasi hicho ndipo ndoano inapokuta ukingo wa korongo.

Kipimo hiki kinagharimu kijiko cha grisi, na ndicho kilichoamua fedha yote iliyofuata.

Kanda ya kupimia

Urefu wa gari haupimwi kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi na uchakavu wake vinadanganya. Unapimwa kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, gari likiwa mahali tambarare, handibreki imeachiwa, na baada ya kulisukuma mbele na nyuma kidogo ili springi zikae.

Mbele: kulia milimita 487, kushoto 496. Nyuma tupu: kulia 505, kushoto 512. Nyuma na kilo 350: kulia 448, kushoto 457. Upande wa kulia, yaani wa dereva, kuwa chini kwa milimita 7 hadi 10 si ajabu kwa gari la usukani wa kulia ambalo muda mwingi hubeba mtu mmoja. Kilichoshtua ni nyuma: mzigo ambao Hilux huubeba bila shida uliishusha kwa milimita 57, na nafasi kati ya ekseli na raba ya kulia, iliyokuwa milimita 70 gari likiwa tupu, ikabaki 13. Huo ni unene wa kidole. Gari la namna hiyo halina springi tena, lina raba.

Fungu la springi la nyuma, yaani majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, lilipopigwa brashi ya waya, sababu ilionekana. Jani la pili upande wa kulia lilikuwa na ufa karibu na klipu, na jani kuu pande zote lilikuwa limenyooka karibu kama rula. Shokapu za nyuma zilikuwa zimevuja hadi vumbi limegandia juu yake. Shokapu za mbele zilikuwa kavu. Buti moja la sivi jointi (kiungo kinachopinda cha shafti ya gurudumu la mbele) lilikuwa limepasuka upande wa nje, na boljointi (kiungo cha tufe cha gurudumu la mbele) ya juu kushoto ina uchezo.

Seti ya inchi 4 ilikuwa na nini ndani

Boksi lilikuwa na vitu vya aina mbili: visahani viwili vya alumini vyenye unene wa milimita 50 vya kuweka juu ya shokapu za mbele, na vitalu viwili vya chuma vya milimita 100 vya kuweka kati ya springi za nyuma na ekseli, pamoja na yubolti ndefu (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli). Springi hakuna. Shokapu hakuna. Tiba ya springi zilizokufa haimo kabisa kwenye boksi hilo.

Tuanze na visahani. Hilux hii mbele ina mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu kila upande, na shokapu yenye koili inakaa karibu na katikati ya mkono wa chini. Kwa hiyo milimita 1 inayoongezwa juu ya shokapu inakuwa karibu milimita 2 kwenye gurudumu. Kisahani cha milimita 50 kinamaanisha karibu milimita 100 magurudumuni. Hapo ndipo shida zinapopangana foleni. Shafti za mbele zinainama kupita pembe ambayo sivi jointi hufanya kazi kwa raha, na mabuti yanasuguana mikunjo kwa mikunjo hadi yachanike. Boljointi ya juu inafika mwisho wa mzunguko wake gurudumu likining'inia. Mkono wa juu unaweza kugusa koili. Na kwa kuwa shokapu nzima imesukumwa chini, gurudumu likipanda juu kabisa shokapu inaweza kufika mwisho wake wa ndani kabla ya raba kugusa, na inayoumia ni shokapu yenyewe au kishikio chake. Bolti za kurekebisha pembe za magurudumu kwenye mkono wa chini zina kiasi chake. Kwa kawaida zinatosha hadi mnyanyuko wa milimita 50 hivi. Ukizidi hapo utahitaji mikono ya juu ya kununua, na bajeti imekwisha.

Kisahani chembamba, milimita 20 hadi 25, ni jambo jingine. Kwa gari lenye springi nzuri ambalo mwenyewe anataka kusawazisha pua tu, ni dawa ya haki na ya bei ndogo. Si kila cha bei rahisi ni kibaya. Ubaya ni kukidai kifanye kazi ya kitu kingine.

Vitalu vya nyuma vya milimita 100 ni hatari ya aina yake. Ekseli inapopokea nguvu ya injini hutaka kujizungusha kinyume na matairi, na kinachoizuia ni springi. Ukiweka kitalu kirefu kati yao, umeipa ekseli mkono mrefu wa kuipinda springi iwe na umbo la herufi S. Utaisikia kama kurukaruka kwa gari unapopanda mlima kwa gia ya kwanza. Kwenye fungu ambalo lina jani lenye ufa, hiyo ni njia ya haraka ya kulimaliza. Kitalu cha milimita 25 hadi 40, kimoja, cha chuma kizima, kwenye springi nzima, kinavumilika. Viwili kupandana, kamwe.

Kuna pia sheko ndefu (vipande vinavyoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye chesi), ambazo hazikuwemo kwenye boksi lakini kila mtu anazijua. Sheko iliyoongezwa milimita 50 inanyanyua milimita 25 tu, kwa kuwa inashika ncha moja ya springi, na inaligeuza difu litazame juu. Bodi nayo inaweza kunyanyuliwa kwa vitalu kati yake na chesi; bodi itapanda, ndoano na tairi la spea vitabaki palepale, kwani vyote viwili vimefungwa kwenye chesi.

Tena kuna jambo ambalo muuzaji huwa halisemi: ekseli ya nyuma ya Hilux ni mti mmoja, na difu liko ndani yake. Nyanyua gari inchi 4 au inchi 10, difu la nyuma litabaki umbali uleule kutoka ardhini. Katika gari hili umbali huo ulikuwa milimita 205 kabla na milimita 205 baada. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi.

Nyuma kwanza

Uamuzi ulikuwa kuigawa kazi kwa awamu, na awamu ya kwanza isiguse urefu wa mbele kabisa. Mafundi wengi hawapendi hivyo, kwa sababu gari tupu litainamisha pua. Lakini fedha ilikuwa milioni 3, na mafungu mapya mawili ya springi za nyuma, shokapu nne na koili mbili, vyote vya chapa inayoaminika, vilizidi hapo. Njia za kubana zilikuwa mbili: kununua kila kitu cha daraja la chini, au kununua nusu ya vitu vya daraja zuri. Mikwaruzo ilishasema ni nusu ipi.

Hatua ya kwanza haikugharimu hata senti. Ndoano ilifunguliwa ikawekwa stoo, kwa kuwa gari halivuti trela. Sehemu ya nyuma iliyokuwa chini kuliko zote ikapanda milimita 60 bila kununua chochote. Tairi la spea likahamishiwa ndani ya keria, likafungwa wima nyuma ya kabini. Linakula nafasi ya mzigo, hilo ni kweli.

Kabla ya springi, shilingi 300,000 zilitengwa kwa buti la sivi jointi na boljointi. Kunyanyua gari lenye boljointi iliyochezacheza ni kulipia wili alaimenti isiyodumu wiki.

Kuhusu springi zenyewe, njia tatu zilipimwa. Ya kwanza, kupeleka fungu kwa fundi wa springi likakunjwe upya. Ni bei ndogo, lakini chuma cha springi kina ugumu wake uliopatikana kiwandani kwa joto lililopimwa; kikitiwa moto wa mkaa na kupigwa nyundo bila kurudishiwa ugumu huo, hukaa vizuri siku za mwanzo kisha hushuka tena. Ya pili, kubadili jani lenye ufa na kuongeza jani moja chini ya jani kuu. Hii ni njia nzuri kwa fungu ambalo bado lina uhai, na kama majani makuu yasingekuwa yamenyooka ndiyo ingechaguliwa. Ya tatu, mafungu mapya mawili yaliyotengenezwa kwa mnyanyuko wa milimita 40 na mzigo wa kudumu wa kilo 300. Ilichaguliwa ya tatu.

Kwenye chapa za Australia kama Old Man Emu, Ironman na Dobinsons, springi moja ya Hilux hiyohiyo huuzwa kwa madaraja tofauti ya mzigo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Anayenunua daraja la kilo 500 "ili iwe imara" atapata gari linalorusha abiria likiwa tupu, na matairi ya nyuma yanayopoteza mshiko kwenye mawimbi ya barabara yanayofanana na bati la paa. Chagua kwa mzigo unaokaa garini siku nyingi, usichague kwa mzigo wa siku moja ya mavuno. Na springi haiongezi uzito unaoruhusiwa. Ule ulioandikwa kwenye kibati cha gari unabaki uleule.

Shokapu za nyuma zilinunuliwa ndefu, za kulingana na springi. Shokapu ya urefu wa kawaida kwenye springi iliyopanda milimita 40 hufika mwisho wa kutanuka kila gurudumu linapoingia shimoni, na kugeuka kuwa mnyororo unaoizuia ekseli isishuke. Hung'oka bushi (raba za kwenye ncha zake), kisha huvuja. Kwa upande wa kujikunja, ekseli ikiwa imebana raba kabisa, shokapu ibakiwe na angalau milimita 10 hadi 15.

Kufunga

Kazi ni ya siku moja kwa fundi mmoja na msaidizi, ikiwa bolti zote zimenyunyiziwa mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Bolti inayoleta kesi ni ya tundu la mbele la springi. Kwenye gari la miaka 15 huwa imeshikana na mrija wa bushi, na wakati mwingine hukatwa kwa grainda. Nunua bolti mpya kabla, usisubiri ikatike saa kumi jioni.

Gari lipumzike kwenye stendi chini ya chesi, ekseli ibebwe na jeki peke yake. Kabla ya kuiachia ekseli ishuke, angalia vitatu: mpira wa breki, mrija wa kupumulia wa difu na waya wa handibreki. Fungua shokapu na yubolti, toa fungu la kale, weka jipya upande mmoja kwanza huku mwingine ukiwa bado umefungwa, ili ekseli isihame. Senta bolti ya Hilux, ile inayofunga majani pamoja, haiko katikati ya fungu. Upande mfupi unakwenda mbele. Ukiligeuza fungu, ekseli itahama na tairi litaonekana limesogea ndani ya madigadi.

Yubolti ziwe mpya. Za zamani zimeshavutika, zikikazwa tena hazishiki sawasawa. Zikazwe kwa msalaba, kidogokidogo, hadi nyuzi zinazotokeza juu ya nati zilingane zote nne, kisha toki renchi imalizie kwa kipimo cha kitabu cha gari. Bolti za bushi na sheko ziguswe kwa mkono tu wakati huu. Hukazwa gari likiwa chini, limesimama kwa uzito wake na kutikiswa. Fundi anayezikaza gurudumu likining'inia anaisokota raba ya bushi katika hali ambayo gari haliishi humo, na bushi mpya hupasuka mapema. Mwenye gari atalaumu chapa.

Mara baada ya kazi, nyuma ilisoma 550 kulia na 556 kushoto. Baada ya kilomita 1,000 na kukazwa upya mara mbili, kwenye kilomita 100 na 500, springi zilishakaa: 541 na 546. Kwa kilo 350: 501 na 506. Nafasi ya raba ya kulia, iliyokuwa milimita 13, sasa ni 66. Grisi ilipakwa tena, njia ileile, na ikarudi haijaguswa.

Yaliyojitokeza baadaye

Gari likiwa tupu lilianza kutetemeka wakati wa kuondoka, kati ya kilomita 0 na 30 kwa saa, kama clachi imekufa. Likipakiwa, kimya. Mwenyewe alikuwa tayari kununua clachi. Propela shafti ya Hilux dabo kabini, inayopeleka nguvu kwenye difu la nyuma, ina vipande viwili, na katikati inashikwa na beringi iliyofungwa kwenye chesi. Nyuma ikipanda, pembe ya kiungo kilicho karibu na beringi hiyo inabadilika, na mtetemeko wa kuondokea hutokea hapo. Beringi ilishushwa kwa vipande vya chuma vya milimita 8, bolti ndefu zaidi zenye alama 8.8, na mtetemeko ukaisha. Kama ungekuja kwenye mwendo wa 80 badala ya kuondokea, msako ungeanzia kwenye mizani ya shafti na krosi jointi zake.

La pili ni breki, na hili ni zito zaidi kwa sababu halipigi kelele. Hilux nyingi za aina hii zina vali kwenye chesi yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Nyuma ikishuka kwa mzigo, fimbo inaiambia vali iongeze nguvu ya breki za nyuma. Sasa gari lenye kilo 350 linasimama milimita 53 juu kuliko zamani, na vali inaamini gari ni tupu. Breki za mbele zinabeba kazi kubwa kuliko inavyopaswa. Kishikio cha fimbo upande wa ekseli kilinyanyuliwa kwa kiasi kilekile gari lilichopanda, kisha gari likajaribiwa kwenye uwanja wa vumbi, tupu na lenye mzigo: magurudumu ya nyuma yasijifunge kabla ya ya mbele.

La tatu ni taa. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna milimita 3,085. Nyuma ikipanda milimita 45, kama ilivyosoma mara baada ya kazi, gari tupu linainama karibu digrii 0.8. Inaonekana ndogo, lakini kwenye umbali wa mita 50 mwanga unashuka sentimita 73. Taa zilirekebishwa gari likiwa na nusu ya mzigo, ili zisimpofushe anayekuja likiwa limejaa. Mwinamo huohuo unalegeza kidogo tabia ya usukani kurudi wenyewe katikati, na dereva aliuhisi mwepesi zaidi kwenye lami likiwa tupu. Wili alaimenti ilipimwa, ikakutwa ndani ya kipimo.

Mbele, na matairi

Awamu ya pili inasubiri shokapu za mbele zianze kuvuja. Siku hiyo koili na shokapu zinabadilishwa pamoja, kwa kuwa mkusanyiko wa shokapu ukishafunguliwa, gharama ya fundi ni ileile. Koili ziwe za mnyanyuko wa milimita 40 za gari lisilo na bampa la chuma; zile za bampa na winchi, kwenye pua nyepesi ya gari hili, zitanyanyua karibu milimita 70 na kurudisha matatizo yote ya visahani. Nati ya katikati juu ya shokapu isifunguliwe kabla koili haijabanwa kwa kibanio cha kweli. Waya wa kufungia na minyororo si kibanio. Koili iliyobanwa ikiponyoka ina nguvu ya kuua.

Matairi yatabadilishwa yakiisha, si kabla. Kipenyo cha 255/70R15 ni milimita 738. Saizi ya 31x10.5R15 inaingia kwenye rimu zilezile za upana wa inchi 7, na nyingi hupima karibu 775. Difu linapanda milimita 18 hivi, spidi ikisomeka 80 gari linakwenda 84, na usukani ukikatwa hadi mwisho tairi linaweza kugusa plastiki ya ndani ya madigadi, hasa kabla koili za mbele hazijawekwa. Plastiki hiyo hurudishwa nyuma kwa hita ya hewa moto na skrubu mbili.